Maji Yanayosikia

Siku posa ya Tabu ilipokubaliwa, kila mtu katika nyumba ile ya Kibiti alifurahi, na mama yake, Mwantumu, alifurahi kuliko wote, mpaka alipoambiwa kwamba harusi itafanyika Kiongoroni. Hapo Mwantumu alibeba ungo wa mchele aliokuwa akipepeta, akaingia nao chumbani, akafunga mlango.

Mdogo wake Shamsia hakumfuata. Alikuwa amekwisha kujua kwamba kwa jambo lile maneno hayafai kitu.

Dada hawa wawili ni wazaliwa wa Kiongoroni, kule delta ya Rufiji inakokutana na bahari, ambako mtu hatoki kwao wala harudi ila kwa chombo. Mwantumu alikuwa mtu wa safari. Alinunua kambamiti waliokaushwa huko, akaja kuwauza Kibiti, akarudi na unga, sukari na khanga za kuagizwa na watu. Boti aliipanda kama wengine wanavyopanda baiskeli, huku anapiga soga. Halafu masika fulani, mto umefura, boti aliyopanda kurudi nyumbani iligonga gogo lililokuwa likielea chini kwa chini katika mkondo mkubwa, ikapinduka. Wengi waliokolewa. Mwantumu aliokotwa akiwa amekumbatia dumu tupu la mafuta, kucha zimeingia kwenye plastiki. Shoga yake Zawadi, waliyekaa naye bega kwa bega tangu bandarini Nyamisati, hakuonekana mpaka kesho yake, na alipoonekana alikuwa ameshafariki.

Mwantumu aliletwa Kibiti kwa mdogo wake apumzike kidogo. Kidogo hicho kikawa kirefu. Alikaanga vitumbua barazani, akapata wateja, akazoeleka mtaani, na kila mara akisema mwezi ujao narudi. Mara moja alijaribu kweli. Walifika Nyamisati yeye na Shamsia, mzigo ukapakiwa, abiria wakaanza kuingia, na yeye akakaa chini kwenye saruji kama mtu aliyekatwa miguu. Walimnyanyua wakampeleka kivulini, na boti ikaondoka na mzigo wake.

Alisomewa dua. Akanywa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Muuguzi mmoja wa kliniki, mama mpole, alimwambia hofu ya namna ile ni maradhi kama maradhi mengine, nayo huondoka taratibu: aanze na maji kidogo, ayazoee, kisha aongeze. Mwantumu alirudi nyumbani akamuuliza Shamsia, "Maji kidogo ndiyo yapi? Ya beseni?"

Sasa binti yake wa pekee, aliyebaki Kiongoroni kumtunza bibi yake, anaolewa. Tabu mwenyewe alipiga simu, sauti ya chini, akasema wanaweza kuihamishia Kibiti hiyo shughuli, mama asijisumbue.

"Na bibi yako, ambaye hainuki kitandani, atahamishiwa mgongoni kwa nani?" Mwantumu alimjibu. "Usihamishe kitu. Nitakuja." Akakata simu. Kisha akakaa sakafuni, palepale aliposimama.

Shamsia alikuwa na kazi ambayo mtaa ule haukuielewa vizuri. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi Kibiti na laptop yake, na akiwa chumbani kwake alitengeneza mahali. Ndivyo alivyojibu akiulizwa: natengeneza mahali. Kampuni moja ya gemu huko mjini ilimtumia maelezo, tunataka jiko, tunataka soko, tunataka ua wenye kuku, naye kwa programu za kuundia gemu alijenga jiko, soko na ua. Aliweka jua na vivuli, akaweka upepo wa kutikisa majani, na mchezaji akawa anaingia na kutembea humo apendavyo. Jirani yao Bi Faudhia alikuwa ameamua kwamba Shamsia ni fundi ujenzi anayeogopa jua.

Asubuhi moja, siku chache baada ya ile simu, alikuwa akimalizia bwawa la kijiji katika gemu ya wakulima. Mwantumu aliingia na chai, akayaona maji kwenye kioo, akasimama. Shamsia alitaka kuyafunga haraka, lakini dada yake hakurudi nyuma. Aliinama kutazama.

"Yana kina?"

"Kina gani, dada? Hayana hata chini. Ni picha."

"Mbona yanacheza?"

"Nimeyaambia yacheze."

"Na ukiyaambia yatulie?"

Shamsia alisogeza kidole, mawimbi yakalala. Mwantumu akaweka kikombe mezani.

"Yapunguze."

Akayapunguza, mpaka tope la chini likaonekana. Mwantumu alicheka, kicheko kifupi cha puani, cha kwanza tangu habari za harusi. "Laiti maji yote yangekuwa na adabu hivi," akasema, akaenda zake jikoni.

Shamsia hakunywa chai ile. Alikaa akilitazama tope lake, na yale maneno ya muuguzi yakimzunguka kichwani. Maji kidogo. Ayazoee. Aongeze.

Alianza siku ileile. Alichukua miti ya mikoko iliyokwisha kuundwa na watu wa nchi za mbali, akaipanga kingo mbili, akapitisha mto katikati, akaweka boti. Kisha akaazima kwa rafiki yake mmoja miwani ile mikubwa inayofunika macho yote, ambayo mtu akiivaa haoni chumba tena, anaona mahali palipotengenezwa, na akigeuza shingo na mahali pale pamegeuka. Akamkalisha Mwantumu kwenye kiti, akamvisha, akamshikisha rimoti ndogo.

Mwantumu aligeuka kulia, akageuka kushoto.

"Hapa ni wapi?"

"Delta, dada. Mkondoni."

"Mkondo gani una maji ya buluu? Haya ya watalii. Na hii mikoko mbona imesimama kama imekwenda kupiga picha ya pasipoti?" Akaivua. "Siogopi, mdogo wangu. Lakini si kwetu."

Ilimchoma Shamsia, maana aliisumbukia kazi ile, lakini aliona wazi kwamba kasema kweli. Mtu hawezi kuizoea hofu yake mahali ambapo hofu yenyewe haipo. Siku iliyofuata alimwambia dada yake kwamba ana kazi ya kampuni, akaenda Nyamisati na simu yenye kamera nzuri na kinasa sauti.

Bandarini alimkuta Kibwana, mume wa marehemu Zawadi, akipakua magunia ya mchele wa Mbwera kwenye boti yake. Hakuwa amemwona tangu msiba. Amekonda, na ndevu zimeanza mvi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Shamsia? Umekuwa mtu mzima. Unakwenda nyumbani?"

Alimwambia anataka kuzungushwa tu mikondoni apige picha za miti na maji, za kazi yake. Kibwana hakuuliza zaidi, na kwa kuwa alikuwa na nafasi kabla maji hayajapwa, wakaondoka. Shamsia alipiga picha magome ya mkandaa na mizizi ya mkoko iliyojaa chaza. Alinasa sauti za ndege, za mashine ya boti, za maji yakilamba ubao, na ule mlio kama wa midomo wa tope linapoanza kupumua. Alipiga picha rangi ya maji, ambayo ni ya chai iliyotiwa maziwa, hata anashangaa ilikuwaje akayatia buluu, yeye aliyeogea humo.

Lakini aliona wanakata kona nyingi. Kila walipokaribia kutokea kwenye mkondo mkubwa, Kibwana aligeuza boti akaingia kijito kingine.

"Shemeji, mbona hatupiti mkubwa? Ule ndio ninaoutaka."

"Huku kuna miti mizuri zaidi."

"Nautaka ule."

Kibwana alizima mashine. Boti ikaenda yenyewe kidogo, ikapunguza mwendo. "Sipiti kule," akasema. "Tangu siku ile. Nikienda Kiongoroni nazunguka huku, mafuta yanakwisha, abiria wananung'unika. Waache wanung'unike."

Shamsia hakuwa amepanga kumweleza mtu. Lakini alimwona yule bwana ameshika mpini wa mashine kwa mikono yote miwili na mashine yenyewe imezimwa, akamweleza yote: habari ya dada yake, ya saruji ya bandarini, ya harusi, na ya maji yanayoambiwa yatulie yakatulia.

Kibwana aliuachia mpini.

"Kumbe ndiyo maana haji," akasema. "Boti ilikuwa yangu, Shamsia. Aliendesha mtu mwingine, lakini yangu. Hakuja msibani, hakutuma salamu. Nikajua hataki kuniona. Nikasema ana haki."

"Yeye anadhani wewe ndiye usiyetaka kumwona. Kwamba Zawadi kaenda, yeye kabaki."

"Subhanallah," alisema Kibwana, taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kilichokuwa mbele ya miguu yake.

Alivuta kamba ya mashine ikawaka. Hakusema wanakwenda wapi. Walitoka kwenye kijito, mkondo mkubwa ukafunguka mbele yao, mpana, mtulivu, hauna alama yoyote ya kilichotokea. Mahali fulani alizima tena mashine, wakasoma Fatiha, na maji yakawasukuma polepole upande mmoja. Kisha Kibwana akafuta uso kwa kiganja, akasema, "Haya, piga picha zako."

Kazi ya pili ilimchukua Shamsia muda kuliko soko na jiko na ua vyote kwa pamoja. Alijenga bandari ya Nyamisati na saruji yake iliyopasuka. Alijenga boti ya Kibwana, harufu yake tu ndiyo iliyomshinda. Maji aliyafundisha kujaa na kupwa, kuvuta upande wa nje na kulegea karibu na mikoko. Na kwenye rimoti alitenga kitufe kimoja kwa kidole gumba: ukikibonyeza, mashine inazimika, mawimbi yanalala, maji yanashuka mpaka tope linaonekana pande zote, na boti inakaa juu ya nchi kavu.

"Hiki ni chako," alimwambia Mwantumu. "Mimi sikigusi. Ukichoka, bonyeza."

Mara ya kwanza Mwantumu hakufika hata botini. Alivaa miwani, akaiona ile saruji, akasikia ile mashine, akaivua na kukimbilia uani kutapika. Bi Faudhia alitokeza kichwa juu ya ukuta kuuliza kama kuna mgonjwa. Shamsia alimpa dada yake maji ya kusukutua, akijiuliza kama hajafanya unyama.

"Tuache, dada."

Mwantumu alifuta midomo kwa upindo wa khanga. "Hapo," akasema, "hapo ndipo penyewe." Akarudi kukaa kwenye kiti.

Ikawa desturi. Vitumbua vikishauzwa, anaosha mikono, anakaa. Siku za mwanzo kidole gumba hakikupumzika, bonyeza, bonyeza, maji yanashuka na kupanda kama kifua cha mtu anayehema. Aliingia botini maji yakiwa chini. Baadaye akaingia yakiwa yamejaa. Akakubali mashine iwashwe. Akapita kijito cha kwanza, kisha cha pili, na siku nyingine akaanza hata kukosoa: pale kuna kichuguu cha tope umekisahau, huku kunguru wako wengi mno. Shamsia alirekebisha kila kitu, akafurahi kukosolewa.

Siku aliyofika mkondo mkubwa, alisimamisha boti mwenyewe. Hakubonyeza kitufe cha kushusha maji. Alikaa tu kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba, miwani usoni, mikono mapajani.

"Ni hapa?" akauliza.

"Ni hapa."

"Umejuaje? Mimi sikukuonyesha."

Hapo Shamsia alipaswa kutafuta maneno. Badala yake alisema tu, "Kibwana alinipeleka. Nilimweleza habari zako. Naye alidhani wewe..."

Mwantumu aliivua miwani. "Ulimweleza nini?"

"Kwamba unaogopa maji. Kwamba..."

"Ulimweleza Kibwana. Ukamwambia mkewe kafa na mimi niliyetoka mzima naogopa maji!" Sauti yake ilipanda mpaka barazani. "Nimekaa hapa nasitiri aibu yangu, wewe umekwenda kuianika bandarini!"

Hawakusemezana siku ile, wala iliyofuata. Mwantumu alikaanga vitumbua vyake, akampakulia mdogo wake chakula, akamwekea mezani bila neno. Miwani ilikaa kwenye boksi lake. Shamsia alijilaumu, kisha akamlaumu dada yake, kisha akajilaumu tena. Simu za harusi ziliendelea kuja, mashungi yameshanunuliwa, somo wa Tabu, mama wa kumfunda, ameshapatikana, na Mwantumu alizijibu zote kwa sauti ya furaha ambayo ilikauka mara tu simu inapokatwa.

Ni Mwantumu aliyeanza. Walikuwa uani wanaanika nguo, shuka moja, kila mmoja ameshika ncha yake.

"Ulisema alidhani mimi nini?"

"Kwamba humtaki. Kwa sababu boti ilikuwa yake."

Mwantumu alisimama na ile ncha ya shuka mkononi. "Boti? Nani alifikiria habari ya boti?" Akatikisa kichwa. "Miaka yote hii mwanamume wa watu amekaa na hilo?"

"Amekaa na hilo. Na mkondo ule alikuwa hapiti."

"Naye hapiti!" Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa ya hofu. Walimaliza kuanika. Kisha akasema, kama anayeomba chumvi, "Kailete hiyo miwani yako."

Siku ya kwenda harusini, Kibwana mwenyewe alikuja kuwachukua Nyamisati, na boti imefungwa khanga nyekundu mbele kwa ajili ya harusi. Kulikuwa na abiria wachache, ndugu wa upande wa bwana harusi, na masufuria, na mbuzi mmoja asiyetaka safari. Kila mtu alipewa jaketi la kuokolea, Kibwana akahakikisha mwenyewe vifungo. Mwantumu alimsalimia kwa mbali, macho chini, naye akaitika vivyo hivyo. Kisha Mwantumu akatembea juu ya ile saruji hadi ukingoni, akamshika Shamsia mkono kwa nguvu, akaingia.

Maji ya kweli hayakuwa kama ya chumbani. Yalikuwa na baridi, yalirusha matone, yalinuka tope na dizeli, na boti iliegemea upande kila mbuzi alipojitutumua. Shamsia aliona jinsi uso wa dada yake ulivyobadilika rangi. Akatupa jicho chini, akakiona kidole gumba cha Mwantumu kikibonyeza, kinabonyeza hewa, kwenye kiganja kitupu. Hakuna kilichoshuka. Mwantumu naye aliking'amua kidole chake, akakitazama, akakifumbata ndani ya ngumi. Akaanza kusoma dua kimoyomoyo, midomo tu ikicheza.

Walipofika mahali vijito vinapogawanyika, Kibwana alipunguza mwendo.

"Shemeji Mwantumu. Tupite wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita. Mwantumu alitazama kijito chembamba upande wa kushoto, chenye kivuli, kilichotulia. Akatazama mbele.

"Tupite tulikokuwa tunapita."

Mkondo mkubwa ulikuwa na upepo siku ile. Mwantumu alijikunyata, kichwa begani kwa Shamsia, na Shamsia akahisi mwili mzima wa dada yake ukitetemeka kama mashine ya boti. Lakini hakusema turudi. Katikati pale aliinua kichwa.

"Kibwana," aliita, sauti ikimpasuka kwa kushindana na upepo, "sikukupa mkono wa pole."

Kibwana hakuacha kutazama mbele. "Nami sikukupa wewe," alijibu. "Alikuwa wako pia."

Wale ndugu wa bwana harusi hawakuelewa, lakini walinyamaza kwa heshima, hata mwanamke mmoja aliyekuwa akiimba akaacha. Mwantumu alilia mpaka mikoko ikakaribia tena pande zote mbili, akalia waziwazi, bila kujifunika. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Kiongoroni maji yalikuwa yamekupwa, ikabidi washuke kwenye tope. Tabu alikuja mbio, amesahau kwamba bibi harusi hatakiwi kuonekana, na somo wake nyuma anampigia kelele arudi. Mama na binti walishikana katikati ya tope, wakayumba, nusura waanguke wote wawili, na vigelegele vikapigwa hata kabla mtu hajajua nani kaanza.

Nyumbani, bibi yake Tabu, mama wa dada wale wawili, alikuwa amelala kitanda cha kamba karibu na mlango, macho hayaoni vizuri tena. Alimpapasa Mwantumu mikono, akampapasa uso, akafika kwenye pindo la khanga lililolowa.

"Umekuja kwa njia gani, mwanangu?"

"Kwa maji, mama," Mwantumu akasema. "Kuna njia nyingine?"

Wanawake waliokuwa wakikuna nazi uani wakaangua kicheko, naye akachukua mbuzi ya kukunia, akakaa kati yao.